Msukaji wa Transfoma Hapendi Wageni

Karakana, 6 Februari 1993

Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yako yamekusamehe. Sisi tuko salama, ukiacha vidole vya mama, ambavyo baridi ya asubuhi huvikunja hadi anashindwa kufunga vifungo vya gauni. Anakusalimu. Anasema mdogo wake aliyeacha kuandika tangu mwaka juzi bado ni mdogo wake, lakini kwa shida.

Paa la karakana linavuja pale pale juu ya meza, nami nimehamisha meza badala ya kuziba paa. Umeme wa mtaa wetu nao umepata tabia mbaya. Mchana uko sawa, lakini jioni watu wakiwasha majiko unanywea hadi taa inakuwa rangi ya chai.

Sasa shida yangu. Shule ya wasioona imenipa kazi ya kuwatengenezea amplifaya ya ukumbi. Wanafunzi wote hukusanyika humo kusomewa vitabu, na ile waliyo nayo inavuma kiasi kwamba mwalimu akisema maneno matano, mawili yanaliwa na mvumo. Nimemwahidi mkuu wa shule kwamba yangu, mwalimu akinyamaza, nayo itanyamaza. Nimeahidi kwa mdomo huu huu unaoujua. Nikishindwa, mtaa huu hakuna atakayeniletea hata pasi.

Spika nimeziokoa kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa. Kapasita nimeng'oa kwenye redio kubwa tatu zilizokufa, na boksi la bati nitakunja mwenyewe. Kinachonikwamisha ni transfoma. Za dukani ni za kengele na za kuchajia betri. Nikiwauliza wenye maduka kuhusu transfoma ya kusukwa waya kwa vipimo, wananitazama kama nimewaomba wanisuke nywele.

Wewe ni karani wa stoo ya vyuma chakavu. Mota na transfoma zilizoungua zinapita mbele ya macho yako kila siku, kwa hiyo lazima unamjua mtu anayesuka. Vipimo nimeviandika nyuma ya barua hii, maana karatasi zimeniishia. Nataka mbili zinazofanana, moja ya kazi na moja ya akiba.

Usinyamaze, mjomba.

Mpwa wako wa karakana


Stoo, 11 Machi 1993

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Magoti hayajanisamehe, yameahirisha kesi tu. Mwambie dada kwamba sikuacha kuandika, nilikuwa natafuta la kuandika. Hapa hakuna jipya. Mizani yetu kubwa imeharibika, sasa tunanunua chuma kwa kukisia, na wauzaji wote wameanza kunipenda ghafla.

Msukaji yupo. Ana kibanda nyuma ya stoo yetu, upande wa matairi. Ni mzee, ingawa si mzee sana, ni mtu wa makamo. Anasuka kwa mkono, kwa mashine aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na pedali za baiskeli, na anahesabu mizunguko kwa mdomo. Ukimsemesha katikati ya hesabu haitiki, anaendelea kuhesabu kwa sauti kubwa zaidi hadi uondoke. Waya anauchagua kwenye chakavu zetu, anaupitisha kwenye ukucha wa kidole gumba na kujua kama ngozi yake ya vanishi bado nzima.

Nimempa vipimo vyako. Alivisoma muda mrefu, kisha akasema atasuka.

Mengine kuhusu yeye usiniulize, kwa sababu siyajui, na ninayoyajua hayana maana. Hapendi wageni. Shughulika na kazi, transfoma zitakuja kwa posta.

Mjomba wako


Karakana, 20 Aprili 1993

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, vidole ndivyo vyenye jambo. Swichi ya redio yake imemshinda kabisa kuzungusha, sasa anatumia koleo langu, nami kila siku nalitafuta koleo na kulikuta kitandani kwake. Anakushukuru kwa barua. Aliisoma mara mbili, jambo ambalo kwa mama ni la kuandikwa.

Transfoma zimefika. Mjomba, nimeduwaa. Nimeziweka mezani nikazizunguka kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Bati zimepangwa hakuna moja iliyochomoza. Nyaya zimefungwa kwa uzi, na uzi umelazwa upande mmoja wote. Ya kwanza nimeifunga kwenye amplifaya na kuiwasha, nikaweka sikio kwenye spika, sikusikia kitu. Nikadhani nimesahau kuchomeka waya. Kumbe iko hai, imenyamaza tu, kama nilivyoahidi. Nilipogusa waya wa kipaza sauti, paka wa jirani aliruka ukuta.

Lakini kuna jambo. Mimi niliomba nyaya mbili upande wa kuingilia umeme. Zimekuja tatu. Huu wa tatu una kikaratasi kilichofungwa kwa uzi mwekundu, na juu yake limeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: JIONI. Niliujaribu saa ile umeme wetu unaponywea, na amplifaya ikasimama imara kama mchana.

Nani alimwambia habari za jioni za mtaa wetu? Kwenye vipimo sikuandika.

Sijaona mkono wa namna hii tangu wa marehemu baba, naye alikuwa msukaji. Ningekuwa mtoto ningelia. Unajua mama hataki transfoma zilale ndani ya nyumba tangu mdogo wangu apigwe umeme na amplifaya ya baba, na mimi simlaumu. Lakini hizi nilimwonyesha mlangoni, akazitazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama vitu vyangu.

Nataka kuja kumwona mtu huyo. Nataka anifundishe hata kwa wiki moja. Nyuma ya barua hii kuna vipimo vya transfoma ndogo, ya redio ya mama inayomaliza betri; yenyewe italala karakana, kwake utafika waya tu. Mwambie asuke, na umwambie nakuja mwezi wa saba.

Mpwa wako


Stoo, 28 Mei 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Mizani imetengenezwa na wauzaji wameacha kunipenda.

Kuhusu waya wa jioni, wasukaji wazuri hukisia. Umeme wa jioni ni mbovu kila mahali. Usilifanye jambo.

Ndogo nimekutumia pamoja na barua hii. Ndani ya kifurushi utakuta pia kitufe cha mti, kikubwa, chenye meno pembeni kama kifuniko cha chupa. Ni cha swichi ya redio, mtu mwenye vidole vibovu anaweza kukizungusha kwa kiganja. Msukaji amekichonga mwenyewe. Nadhani alikuwa na kipande cha mti kisicho na kazi.

Usije mwezi wa saba. Mwezi wa saba nina shughuli, na yeye huenda hayupo, na akiwepo hapendi wageni. Nimekwisha kukwambia.

Mjomba wako


Karakana, 19 Juni 1993

Mjomba,

Sikuamkii leo. Nitakuamkia nikipata jibu.

Amplifaya iko ukumbini na inafanya kazi. Siku ya kwanza mwalimu alipofunga kitabu, ukumbi mzima ulikaa kimya, na mwanafunzi mmoja akauliza kama umeme umekatika. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, na kichwa hicho ndicho kilichonituma kufanya nilichofanya.

Nilichukua ile transfoma ya akiba na kuifungua. Ilikuwa nzima, haina kasoro, na niliiharibu kwa mikono yangu. Nilitaka kumwibia msukaji wako ufundi. Kwa kuwa hukutaka nije kuuona mkono wake, niliamua kuusoma kinyumenyume, nikikunjua tabaka baada ya tabaka na kuandika.

Unajua, au labda hujui, kwamba wasukaji wa zamani huacha kikaratasi chini ya tabaka la mwisho. Wanaandika idadi ya mizunguko, ili fundi atakayekuja kuisuka upya ikishaungua asipate taabu ya kuhesabu. Baba alinifundisha hivyo. Kwa hiyo nilipokiona sikushangaa. Nilikivuta, nikakinyoosha kwenye paja, nikasoma.

Nakunakilia kama kilivyo.

"Kuingia 612. Ya jioni 540. Kutoka 180. Waya wa mota ya pampu. Tarehe 3 Aprili 1993. Kwa Chiriku. Najua utaifungua."

Nilikaa chini sakafuni. Mteja aliyefuata pasi yake aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo, akauliza wapi, nikashindwa kumwonyesha.

Mjomba, duniani ni mtu mmoja tu aliyeniita Chiriku. Alikuwa akiniambia, Chiriku, nyamaza nihesabu. Na mwandiko ni ule ule, na ile sita yake inayolala chali. Mtu huyo alikufa mwaka 1978 huko huko uliko. Habari za kifo chake tulizipata kwako, umekaa kwenye kiti cha kamba sebuleni kwetu, kofia mkononi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilivaa nguo ya msiba kwa sababu yako.

Sasa maiti wangu amenisukia transfoma mwezi wa nne.

Mama nimempa kile kitufe kabla sijafungua chochote. Alikishika, akapitisha kidole gumba kwenye yale meno, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilidhani ni vidole vinauma. Kikaratasi sijamwonyesha.

Nijibu.


Karakana, 30 Julai 1993

Mjomba,

Wiki sita. Nimehesabu siku za posta kwenda na kurudi mara mbili. Usipojibu hadi mwisho wa mwezi ujao nitakuja mwenyewe, nitapita upande wa matairi, na sitabisha hodi.


Stoo, 14 Agosti 1993

Mpwa wangu,

Barua yako ya Juni niliisoma nimesimama kwenye mizani, na mwenye chuma alilazimika kuniuliza mara tatu uzito. Nimeanza kukujibu mara nyingi. Karatasi nilizochana zingetosha kuwashia jiko wiki nzima.

Baba yako yu hai.

Ndiyo, nilikudanganya, na nataka ujue nilivyokudanganya. Baada ya kumzika mdogo wako, baba yako aliwaambia watu wote kwamba kosa ni lake, kwamba transfoma aliyoisuka ilivuja umeme ukaingia kwenye boksi la bati. Dada hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Hakumfukuza, alikuwa akitoka kila anapoingia. Baba yako akachukua sanduku la vyombo vyake akanifuata huku. Miezi sita baadaye nilikuja kuwaona. Hukuniacha hata nikae vizuri. Ukaniuliza, baba anarudi lini? Nikasema harudi. Ukaniuliza, amekufa?

Nikanyamaza, mama. Nilikuwa natafuta neno, na kabla sijalipata ulikuwa umeshaanza kulia, na jirani alikuwa ameshaingia, na jirani wa pili nyuma yake. Dada alitoka jikoni akanitazama. Alijua si kweli. Hakunikanusha. Tukakaa tukapokea pole, mimi na yeye, kama wezi wawili. Niliporudi huku nikamwambia baba yako kwamba kwenu yeye amekufa. Akaniambia, "Sawa." Akaendelea kuhesabu.

Kosa langu la pili ni uvivu. Uliandika vipimo nyuma ya barua, na mimi nikaona tabu kuvinakili, nikampa barua yenyewe. Alipoigeuza upande wa pili, niliona uso wake na nikajua nimeharibu. Tangu hapo kila barua yako imepita kwake. Ya Juni na ile fupi ya Julai ndizo peke yake nilizomficha.

Nilikuwa naogopa kukupoteza wewe na dada kwa siku moja. Bado naogopa. Kama unanichukia, nichukie kwa maandishi, lakini usiache kuandika.

Mjomba wako


Karakana, 5 Septemba 1993

Mjomba, shikamoo.

Sikuchukii. Nilijaribu siku tatu. Halafu nikarudia ule mstari wako, kwamba transfoma ilivuja umeme, na nikasahau habari zako kabisa.

Barua hii mpe baba. Usimsomee, mpe mkononi.

Baba, shikamoo. Transfoma yako haikuvuja.

Mchana ule ulikuwa umekwenda kutafuta waya na mama alikuwa uani. Nilichukua kisu cha jikoni nikafungua skrubu za boksi, kwa sababu nilitaka kuona sauti inatoka wapi. Unajua nilivyokuwa. Nilifungua nyaya mbili ili niinue transfoma nione chini yake. Chini yake hapakuwa na kitu. Nilipozirudisha sikukumbuka upi ulikuwa wapi, na mmoja nikaufunga kwenye skrubu iliyoshika bati lenyewe. Nikafunika. Mdogo wangu akaja akawasha. Haikulia. Akaishika kwa mikono miwili aone kwa nini hailii. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Miaka ya mwanzo nilijiambia pengine si mimi. Kila mtu alisema ni transfoma, na wewe mwenyewe ulisema ni transfoma. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nikajifunza waya upi unakwenda wapi, na "pengine" ikaisha siku hiyo hiyo. Nikakaa kimya. Wewe nilidhani umekufa ukiamini umemuua mwanao, na kila transfoma niliyoishika niliishika nikijua hivyo.

Kikaratasi chako kilinishtua mara mbili. Mara ya kwanza kwa kuwa u hai. Mara ya pili kwa kuwa u hai na bado unaamini.

Mama nimemwambia leo asubuhi, yote, na ya kikaratasi. Alizima redio kwa kile kitufe. Nilikaa naye hadi adhuhuri nikisubiri aniondokee kama alivyokuwa akikuondokea wewe. Hakuondoka. Mwishowe akaniambia niongeze mstari mmoja, nami nauongeza alivyosema: mlango wa mbele unakwama chini tangu alipoondoka.

Chiriku


Stoo, 2 Oktoba 1993

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Nilimpa mkononi. Nilikuwa nimejiandaa, hata maji nilikuwa nimemwekea, maana nilijua mtu akipata habari kama hiyo baada ya miaka kumi na tano anaweza kuanguka.

Alisoma hadi mwisho. Akaikunja barua ikawa ndogo akaiweka mfukoni. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kopo la maziwa ya unga, akatoa skrubu moja na kuniwekea kiganjani. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimekwaruzwa vibaya, mikwaruzo mipana ambayo bisibisi haiwezi kufanya.

Nikamuuliza hii nini. Akasema, "Kisu cha mkate."

Mpwa wangu, aliyetaka kuanguka nilikuwa mimi. Alijua. Alijua kabla hajamaliza kufungua boksi siku ile. Aliurudisha waya mahali pake, akaichukua hiyo skrubu, akatoka nje akawaambia watu kwamba transfoma imevuja. Nikamuuliza mbona hukukaa hata kidogo, ukajitetea. Akasema, "Ningekaa, ningeulizwa kila siku. Siku moja ningejibu."

Nikamwambia umejibebesha bure miaka yote hii. Akanitazama kama ninavyotazamwa na watu wanaoleta chuma kizito nikakiandika chepesi. Akasema, "Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na arobaini." Akainama akaendelea na kazi, lakini hakuwa anahesabu. Ni mara ya kwanza naona pedali zile zinazunguka na yeye yuko kimya.

Nami nilijiona mtunza siri mkubwa wa familia hii. Kumbe nilikuwa nalinda kopo la nje tu.

Skrubu sikutumii. Aliichukua tena kiganjani kwangu, akatoka nayo, akaitupa kwenye pipa letu la skrubu, ambalo mtu mzima anaweza kuingia humo akasimama. Nimefanya kazi stoo hii miaka ishirini na sitaweza kuipata.

Asubuhi ya leo nimekuta kibanda chake kimefungwa kwa kufuli. Nilishtuka, nikamtafuta kwa watu wa matairi, hawakumwona. Nilimkuta kwa seremala wa mtaa wa pili, amevaa shati jeupe nisilolijua, anaazima randa. Nikamuuliza randa ya nini, wewe ni msukaji.

Akasema ya mlango.

Mjomba wako